Barua ya wazi kwa wakuu wa kilimo: walinzi wa mashamba yetu wanauawa kwa fedha zetu wenyewe

Malindi, Pwani ya Kenya

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya kilimo katika kaunti yetu,

Waheshimiwa,

KUH: KUNYIMWA NAFASI KWA NJIA ZA ASILIA ZA KULINDA MAZAO

Pokeeni salamu za heshima kutoka kwa wakulima wa ukingo wa mto Sabaki. Ninaandika kwa niaba ya kikundi chetu cha wakulima wa mboga, maembe na minazi, ambacho mimi ni katibu wake.

Barua hii haikuanzia hapa. Tuliandika ya kwanza, ikapokelewa na kupigwa muhuri. Tukaandika nyingine. Tukaja wenyewe ofisini, tukakalishwa kwenye benchi hadi adhuhuri, tukaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba habari, na sisi habari tuliiomba: ni dawa gani za wadudu zinazonunuliwa kwa ajili yetu, kwa bei gani, na kwa nini hakuna hata moja ya asilia. Siku hizo zilikwisha kitambo. Kwa kuwa mlangoni hatukusikilizwa, leo tunasema mbele ya watu.

Ombi letu kubwa ni hili: fedha na maafisa wa kulinda mazao waelekezwe kwanza kwa njia ambazo ardhi yetu tayari inazo, na dawa za viwandani zibaki kuwa hatua ya mwisho. Sababu zetu ni hizi.

1. Vifurushi vya pembejeo vinakuja na sumu bila elimu.

Mbegu tunashukuru. Mbolea tunashukuru. Lakini chupa ya dawa inayokuja pamoja navyo ina maandishi madogo ya Kiingereza ambayo mzee wa Kakuyuni au Marafa hawezi kuyasoma hata akipewa miwani. Ndani ya kifurushi hamna glavu wala barakoa. Hakuna anayemweleza mkulima siku ngapi angoje kati ya kupiga dawa na kuvuna, kwa hiyo mchicha unapuliziwa jioni na alfajiri uko sokoni. Chupa ikiisha, mtu huenda dukani akapimiwa dawa nyingine kwenye chupa ya soda isiyo na jina, akaiweka juu ya kabati, na watoto wamo humo humo ndani.

Dawa moja inayojulikana sana mashambani, klorpirifosi, ilikataliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zikakubaliana kuiingiza katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani. Je, imo katika chupa tunazopewa? Hilo ndilo tulilouliza kwenye barua ya kwanza.

2. Majimoto wetu waliuawa.

Hapa mtuwie radhi tukirefusha, kwa sababu ndipo palipotuuma zaidi.

Maembe yalipokuwa yakitoa maua, kikosi cha kupulizia kilipita mashambani bila kumwuliza mwenye shamba kuna nini mtini. Miembe ilioshwa kwa dawa kutoka kileleni hadi shinani, na minazi ya jirani ikapata sehemu yake kwa upepo. Baada ya hapo, chini ya miti palikuwa pamejaa majimoto waliokufa, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota kwa hariri ya vibuu vyao. Kiongozi wa kikosi alipoulizwa, alijibu kwamba chungu ni wadudu kama wadudu wengine.

Waheshimiwa, mtu anayesema hivyo pwani hii hajui kazi aliyopewa. Kuna mdudu wa kahawia anayefyonza vidaka vya mnazi. Akikidunga kidaka, mate yake yana sumu. Kidaka kinatoa utomvu, kinadhoofika na kuanguka kabla ya kufika kitale, sembuse dafu. Hahitaji kuwa na jeshi; wachache tu juu ya mnazi wanatosha kuupukutisha. Wataalamu walimchunguza Zanzibar tangu miaka ya 1950, na walichokiona ndicho wagema na wakwezi wetu wanachokijua: mnazi wenye majimoto wengi unabeba, mnazi walikotoweka unapukutisha. Majimoto hao hao huwafukuza wadudu wanaofyonza machipukizi ya mikanju, na nzi wa matunda huogopa kutua kwenye embe lenye harufu yao.

Kusini mwa Uchina wakulima wa machungwa walikuwa wakinunua viota vya jamaa zao majimoto zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na baadaye wakawa wakitandaza mianzi kutoka mti hadi mti ili chungu wavuke. Sisi hutumia kamba ya makumbi. Kiota hukatwa usiku au alfajiri kikiwa kimetulia, hufungwa kwenye mti usio nao, na kamba huunganisha miti. Gharama yake ni kamba na mtu wa kupanda.

Hatusemi majimoto hawana kasoro. Huuma, na mchumaji wa maembe hulazimika kujipaka majivu mikononi na miguuni. Huwafuga wadudu gamba kwa ajili ya utamu wao, na wadudu gamba wakizidi ni hasara. Tena wako chungu wadogo wa ardhini wanaowashambulia majimoto na kuwahamisha, na kuwadhibiti hao kunahitaji ujuzi. Haya ndiyo mambo ambayo afisa wa nyanjani angetufundisha. Badala yake tuliletewa bomba.

3. Nzi wa maembe hafikiwi na dawa mnayopuliza.

Nzi huyu wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza hapa hapa pwani ya Kenya, mwaka 2003. Mwaka 2014 nchi yetu ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu yake. Kwa mwenye miembe ya apple, ngowe na boribo, hilo halihitaji kuelezwa.

Nzi jike hutaga chini ya ganda. Funza hula nyama ya embe akiwa ndani, embe huanguka, funza hutoka na kujichimbia mchangani hadi ageuke nzi. Sasa dawa iliyopigwa juu ya ganda itamfikia wapi? Kinachofanya kazi ni kuokota maembe yaliyoanguka kila siku, kuyazika kwa kina au kuyatia ndani ya kihema cha wavu ambao nzi hapiti lakini nyigu wadogo wanaomwua hupenya. Kutundika mitego yenye methili eugenoli, harufu inayowavuta nzi dume, na ambayo imo hata katika aina fulani za mrehani. Kuweka chambo cha protini kwa majike. Na kuchanganya mchangani kuvu anayewaua funza na pupa (funza aliyejifunga mchangani kabla ya kuwa nzi) bila kumdhuru mtu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimezifanyia kazi njia hizi zote kwa miaka mingi.

Lakini mkulima mmoja akisafisha shamba lake na jirani akaacha maembe yaoze chini, amefanya kazi bure. Nzi huruka. Njia hizi zinahitaji eneo zima liende pamoja, kutoka Ganda hadi Gongoni, na hilo haliwezekani kwa nguvu ya kikundi kama chetu. Linahitaji mamlaka. Hapa ndipo hasa tulipowahitaji.

4. Mwarobaini unaoza chini huku dawa ikisafirishwa kutoka ng'ambo.

Miarobaini imejaa kila mahali: skuli, misikitini, kando ya barabara ya Mambrui, nyuma ya nyumba zetu. Mbegu zake zina azadiraktini, ambayo humfanya mdudu akatae kula na ashindwe kujivua ngozi ili akue. Kinachohitajika kinajulikana. Matunda yaliyoiva huokotwa, huambuliwa nyama, mbegu huanikwa kivulini penye hewa na kuhifadhiwa katika gunia, kamwe si katika mfuko wa plastiki, maana zikipata unyevu huota kuvu. Kiini kikitwangwa, gramu 50 za unga kwa kila lita ya maji hulowekwa usiku kucha. Kwa bomba la lita 20 ni kilo moja. Asubuhi huchujwa kwa kipande cha leso, hutiwa sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani, na hupigwa jioni, kwa kuwa jua la Malindi huimaliza nguvu haraka. Mvua ikinyesha, hurudiwa. Kwa vidukari na nzi weupe kwenye bamia, kwa viwavi wa sukuma wiki wakiwa bado wachanga, inafaa. Kwa kiwavijeshi aliyekwisha jifukia ndani ya moyo wa muhindi, imechelewa. Hapo mtu amwahi akiwa mdogo.

Kina mama wa kikundi chetu wanatwanga kwa kinu, na kutwanga kilo moja ya mbegu za mwarobaini ni kazi ya jasho. Mashine moja ya kusagia ingebadilisha hali katika vijiji kadhaa. Tuliiomba kwa maandishi.

Tafadhali msisikie kama tunataka miarobaini ipandwe zaidi. Mti huu si wa asili ya hapa, na ndege na popo wanausambaza hadi ndani ya misitu yetu ya pwani, ambako unaisonga miti ya kwetu. Ndiyo sababu nyingine ya kuokota mbegu: kila gunia linalosagwa ni miche isiyoota msituni wala katika kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda.

Na elimu hii isipolindwa, wengine watajiandikisha kuwa wenyewe. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya ilitoa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya mafuta ya mwarobaini ya kuua kuvu kwa kampuni moja ya Marekani pamoja na idara ya kilimo ya nchi hiyo. Wahindi, ambao babu zao walitumia mti huo tangu enzi, walipinga. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Karibu miaka kumi ya kesi kwa jambo ambalo kila bibi kijijini alilijua. Kwetu, Katiba katika Ibara ya 69 inaitaka serikali ilinde maarifa ya kiasili kuhusu viumbe na mimea, na sheria ya mwaka 2016 ya maarifa ya jadi inazipa kaunti jukumu la kuyasajili. Mkwezi mzee anayejua ni mti gani majimoto hupenda kushona nani amemwandika?

5. Nyuki, vipepeo na maji.

Karibu na Gede, tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo umewapa wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke riziki kwa kufuga vipepeo na kuuza pupa wao nje ya nchi. Wengine hufuga nyuki. Dawa inayoua kila kiwavi haichagui kiwavi wa nani. Na Sabaki inaishia baharini, kaskazini kidogo tu ya mji, ilhali bahari yetu ina hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968. Dawa za viwandani za jamii ya pirethroidi, zilizoigwa kutoka pareto, huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na mabomba yetu huoshwa mtoni kwa sababu hatujajengewa pa kuyaoshea wala pa kutupa chupa. Hili nalo liko kwenye barua zetu.

6. Sheria inamfunga anayetaka kuuza dawa asilia.

Sheria ya mwaka 1982 ya kudhibiti bidhaa za kuua wadudu inataka kila bidhaa inayouzwa isajiliwe. Ni sheria nzuri, na hatuombi ivunjwe. Lakini kampuni kubwa ina maabara na mawakili. Kikundi cha kina mama wa Jilore kina kinu na mchi. Bila msaada wa kaunti katika upimaji na usajili, dawa yao itabaki ya shamba lao wenyewe, na duka litabaki na chupa zile zile.

Waheshimiwa, majibu yenu tunayajua, kwa kuwa tumeyasikia vikaoni yakisemwa kwa wengine.

Mtasema dawa asilia ni za polepole. Ni kweli, mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo. Mkulima anaamka, anawakuta viwavi wangali hai juu ya jani, anaona ametapeliwa. Asichokiona ni kwamba wameacha kula. Jambo hili linaelezwa kwa kikao kimoja chini ya mwembe, afisa akiwapo. Afisa hayupo.

Mtasema hakuna utafiti. Icipe ilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, ina kituo Mtwapa, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapa. Na nyinyi mnakumbuka, au mnapaswa kukumbuka, kwamba mwaka 1993 watafiti wa icipe waliachilia hapa Pwani nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Pakistani ili awashambulie bungua, viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, nao bungua hao asili yao ni Asia. Nyigu yule alikaa, akazaana, akaenea. Hadi leo anafanya kazi kwenye mahindi ya watu wasiomjua, bila mshahara na bila kifurushi. Akipuliziwa dawa ya kuua kila kitu, naye hufa.

Mtasema asilia nayo ni sumu. Hapo mnasema kweli, na tunakubaliana nanyi kabisa. Mmea wa utupa unaua samaki. Wavuvi wa zamani waliutumia kwa kazi hiyo hiyo, na kuupiga karibu na mto ni balaa. Maji ya tumbaku yanaweza kumlaza mtu hospitali. Hata pareto, iliyolipatia taifa letu sifa duniani, huua nyuki wakiguswa nayo. Watu wetu wanachanganya vitu hivi kwa kubahatisha kwa sababu hakuna anayewaongoza. Hoja hiyo inadai maafisa waongezwe. Haidai chupa ziongezwe.

Mtasema kiwavijeshi hasubiri. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie Kenya mwaka 2017, tumemjua. Hatujasema dawa za viwandani zipigwe marufuku kesho. Mlipuko ukija, na mengine yakishindwa, ipigwe iliyosajiliwa, kwa kipimo, na mtu aliyevaa inavyotakiwa, mahali penye wadudu tu. Tunachokataa ni kuanza na sumu mahali ambapo hata hesabu ya wadudu haijafanywa.

Na mtasema hakuna bajeti. Basi tuonyesheni bajeti ya chupa.

Kwa hiyo tunaomba haya. Orodha ya dawa zote zilizonunuliwa kwa wakulima wa Malindi na Magarini katika mwaka huu wa fedha itangazwe, pamoja na viambato na bei, kama Ibara ya 35 ya Katiba inavyotupa haki. Kupulizia kwa vikosi kusimame hadi mwenye shamba aulizwe na mti ukaguliwe kama una majimoto au mizinga ya nyuki karibu. Kabla ya maembe kuiva, ipangwe kampeni ya eneo zima dhidi ya nzi wa matunda, yenye mitego, vihema na chambo, tukishirikiana na icipe na kituo cha Mtwapa. Sisi tutatoa watu wa kuokota na kukagua; hilo tumekwisha liamua kikaoni.

Tunaomba pia mashine mbili za kusaga mbegu za mwarobaini, moja kila upande wa mto, na bei ya haki kwa vijana na kina mama watakaookota. Shamba la maonyesho moja kila wadi, lenye upande wa dawa na upande wa asilia, ili wakulima wahukumu kwa macho yao wenyewe na kwa mizani ya mavuno. Maelezo ya Kiswahili kwenye kila chupa itakayoendelea kugawiwa. Na mtu wa kuandika maarifa ya wakwezi, wagema na wakulima wazee kwa idhini yao na kwa majina yao, kabla hawajatutoka.

Kwa waliopoteza majimoto na mizinga yao katika upuliziaji ule, tunaomba ofisi ikubali kwa maandishi kilichotokea na ikae nao kuhusu fidia. Majina yao na picha za miti yao vimo katika barua zilizopigwa muhuri na ofisi yenu.

Tunatarajia jibu la maandishi ndani ya siku 21 kuanzia leo. Likikosekana, tutawasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti chini ya Ibara ya 37, na saini tumeanza kukusanya. Ila tungependelea mje. Jumamosi yoyote asubuhi mtatukuta shambani, upande wa kusini wa daraja la Sabaki, pamoja na wakwezi, kina mama wa kinu na mwenye mizinga. Mje na kiongozi wa kikosi cha kupulizia pia. Tuna mti mmoja uliosalia na majimoto, tungependa auone.

Wenu kwa heshima,

Katibu, kwa niaba ya wakulima wa ukingo wa Sabaki
Malindi

Nakala: Wawakilishi wa wadi za Malindi na Magarini, maimamu, wachungaji na wazee wa vijiji, wakulima wote wa Pwani